Kiredio Kilichonyamaza

Enzi zetu, sisi watoto wa Tabora mjini, muziki haukuwa wa masikio ya mtu mmoja. Ulitoka dirishani, ukavuka ua, ukawakuta kina mama wakianua michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na sisi tukiruka kamba kwenye mchanga uliopoa. Jioni zilinukia karanga za kukaanga, na honi ya treni ilitujia taratibu kutoka stesheni, kama mtu anayepiga miayo.

Baba alikuwa fundi cherehani. Amplifaya yake na spika mbili za mbao zilijulikana mtaa mzima. "Fungueni dirisha, wenzetu nao wasikie," alituambia, na majirani wakaingia bila kualikwa.

Alipofariki, na mama akamfuata, redio kubwa iliyoilisha amplifaya ilikuwa imeshaharibika. Tukaifunika amplifaya kwa kanga. Majirani wakaacha kuingia. Mimi, dada mkubwa, nikaacha shule, nikakalia cherehani ya baba. Ndipo Shangazi akatuma habari kutoka Igalula: anakuja kumchukua Tatu, kitindamimba wetu, maana nyumba ya watoto watupu imeshakufa.

Tulikuwa na kiredio cha mkononi. Nikachukua waya wa hedifoni mbovu, nikachuna ncha zake kwa meno kama alivyofanya baba, nikauunganisha na waya wa amplifaya, kisha nikachomeka pini kwenye tundu la hedifoni. Kiredio kikanyamaza papo hapo. Spika zikakoroma.

"Dada, umefuga vyura?" Juma, anayenifuata, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nimefungua sauti ya kiredio hadi mwisho. Nikaipunguza hadi nusu, nikaiachia amplifaya ipandishe yenyewe. Taarabu ikajaa chumbani, laini, kama zamani. Tatu akakimbia kufungua dirisha.

Shangazi aliposhuka kwenye treni na kufika nyumbani, alikuta ua umejaa majirani. Bi Mwamvua, jirani yetu, alikuwa anamenya karanga huku mabega yakicheza.

"Shikamoo, Shangazi," tukamwamkia sote.

"Marahaba. Kuna shughuli gani hapa?"

"Shughuli gani, wifi? Ndivyo wanavyoishi hawa," Bi Mwamvua akadakia. "Kaa tumenye."

Akakaa. Akamenya mpaka karanga zikaisha ungoni. Kisha akasema, "Tatu, nitandikie mkeka. Kesho narudi peke yangu."

Vijana wa leo wana sabufa za kutikisa mabati, lakini wenyewe wamejiziba masikio. Shikamoo yao unaisubiri mpaka wimbo uishe. Juzi Tatu alikuja na wanawe. Alitaka kuchomeka simu yake kwenye amplifaya ya baba, akaigeuza simu huku na huku: haina tundu la hedifoni. Watoto wakacheka.

Nikatoa kiredio. Nikachomeka pini, nacho kikanyamaza kama kawaida yake, kikamwachia mkubwa aimbe. Tatu, mama mtu mzima, akainuka bila kuambiwa, akafungua dirisha.

Wanawe walikuwa wamesharudi kwenye simu zao; tukasikiliza wawili, macho yetu mlangoni, tukiwangoja majirani.