Kiganja Juu ya Makaa

Nyumbani kwetu Mpanda hatujawahi kuwa na oveni, na mama hajawahi kuitamani. Biskuti zake za Krismasi anazioka ndani ya sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga, moto chini, moto juu: jiko la mkaa chini yake, na makaa mengine yamepangwa juu ya mfuniko. Biskuti zenyewe ni za unga wa ngano, siagi, mayai, ganda la limau lililokunwa, na asali ya porini mahali ambapo wengine wangejaza sukari. Hiyo asali ndiyo mtihani. Inanukia mpaka kwa jirani, lakini inawahi kuungua. Ukigeuka tu kumwitikia mtu hodi, umekwisha.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea moto, na moto mama anaupima kwa kiganja na sala. Alijifunza hivyo usichanani kwake Karema, jikoni kwa masista. Unanyoosha kiganja juu ya makaa ya mfuniko, unaanza Salamu Maria kwa mwendo wa kawaida. Mkono ukikimbia kabla hujafika kwa Yesu, moto ni mkali, punguza. Ukivumilia mpaka "Mama wa Mungu" ndipo ukashindwa, huo ndio moto wa biskuti. Ukifika Amina na mkono bado upo, moto umelala, ongeza makaa. Padri mmoja aliyekuja kula kwetu aliposimuliwa habari hii alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akasema amewahi kuona watu wakisali kwa sababu mbaya kuliko hiyo.

Krismasi iliyopita tulioka siku ya mkesha, asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mtaani bodaboda zilikuwa zinateleza kwenye tope huku madereva wakitukana taratibu kwa heshima ya sikukuu. Kaka zangu wako mbali, wanapiga simu kuuliza biskuti zimefikia wapi, kana kwamba zinakuja na treni. Mimi ndiye niliyebaki na mama. Kazi yangu ni kukanda na kukata biskuti kwa mdomo wa glasi. Kazi yake ni kukaa kwenye kigoda na kunikosoa.

Mama ana kisukari cha siku nyingi. Miguu ilishaanza kufa ganzi, tukazoea. Siku hizi anavaa viatu hata ndani ya nyumba, tangu alipokanyaga kipande cha chupa akatembea nacho mpaka tukafuata damu sakafuni. Lakini mkono hakuna aliyeuwaza. Mkono ulikuwa bado unapeta mchele, unasuka wajukuu, unanitisha kofi nikimjibu vibaya na umri wangu huu.

"Ngoja niusikilize huu moto," akasema, akanyoosha kiganja.

Nikawa nakata biskuti huku nasikia sala. Alipita kwa Yesu. Akapita "Mama wa Mungu". Akaendelea bila haraka, akatuombea wakosefu wote, akafika saa ya kufa kwetu, akasema Amina.

"Moto umelala. Ongeza."

Nilitazama yale makaa. Yalikuwa mekundu mpaka ndani. Mimi niliyekuwa nimekaa kando nilikuwa nausikia moto usoni.

"Mama, mbona huu ni mkali?"

"We nani kakufundisha moto? Ongeza."

Nikaongeza. Tangu utotoni mama akisema moto umelala, moto umelala.

Zilitoka nyeusi. Si za kahawia, nyeusi, na moshi ukatutoa machozi wote wawili. Mama akaanza kesi. Mkaa wa siku hizi, wanachoma miti ya ajabu ajabu. Asali nayo wameichanganya na sukari, dunia haina tena waaminifu. Nilitamani sana kukubali, maana mkaa unabadilishwa na asali inatafutwa nyingine. Ndipo aliponipa sahani ya kuokea niikwangue, nikaona kiganja chake. Chini ya vidole ngozi ilikuwa imeinuka, nyeupe, imejaa maji.

"Mama, umeungua!"

"Wapi?"

Akauangalia mkono wa kushoto kwanza. Akaugeuza nyuma na mbele. Ulioungua ni wa kulia.

Mimi woga wangu hutoka kama hasira, kila anayenijua anajua. Nilimfokea mama yangu kama vile kaiba kitu. Nikamwambia basi, imetosha, biskuti mwisho leo, maduka yamejaa za pakiti, tutanunua. Huku namfokea nikawa namwagia maji ya baridi mkononi, na yeye ananitazama bila kukunja hata uso. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Kidonda kile kingemtoa mtu mzima kilio, na yeye amekaa kama ananawishwa kabla ya chakula.

"Za pakiti umpe nani?" akauliza.

Kila Krismasi, akitoka misa ya asubuhi, mama hukaa barazani na sinia lake, na hakuna anayepita mtaa ule mikono mitupu. Watoto wa pale hawasemi Krismasi, wanasema siku ya biskuti za bibi. Jirani yetu Mwislamu, mfanyabiashara wa dagaa aliyehamia kutoka ziwani, siku ya Iddi humletea mama sambusa, na huwa anamwambia waziwazi kwamba anazilipia biskuti.

"Shamba la Kasekese mmenitoa, mkasema miguu," mama akasema, polepole, bila ugomvi. "Ng'ombe mmeuza. Kuni mmenikataza. Nyie niambieni mmeniachia nini."

Nikasema haya, tunaoka, ila moto napima mimi. Nikanyoosha kiganja, nikasali. Nilipofika "Mama wa Mungu" mkono ukanishinda, nikafurahi, tukaingiza biskuti. Zilitoka nyeupe, laini, zinanata kwenye meno kama ugali mbichi. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

"Umesali kama kinyonga anavuka barabara! Hiyo ni sala au usingizi?"

Tukaongeza makaa, tukajaribu tena: mama asali kwa mwendo wake, mimi niweke mkono. Alianza kwa sauti ileile ninayoijua tangu sijaota meno, na hakuwa amemfikia Yesu mimi nikautoa mkono. Tukapunguza makaa, nikavumilia mpaka mahali panapotakiwa, na biskuti hazikuiva. Tukagundua kwamba mwendo peke yake hautoshi. Kiganja cha mama kilikuwa cha jembe na mchi. Changu cha kushika kalamu na simu. Joto lililokuwa la kawaida kwake kwangu ni moto wa jehanamu. Kipimo kilikuwa kile kiganja, na kiganja kilikuwa kimekufa kikiwa bado kiko mkononi mwake, nacho kinapeta na kinasuka.

Tuliendelea mpaka unga ukaisha, kwa kubahatisha. Chache zilitoka sawa.

Siku ya Krismasi alikaa barazani kama kawaida, mkono umefungwa kitambaa safi cha kanisani. Watu walikula. Jirani alichukua moja iliyoungua upande, akatafuna kwa heshima zote. "Bibi, mwaka huu umezipa rangi," akasema. Kila mtu alisema tamu. Mama hakuwa anasikiliza maneno, alikuwa anaangalia midomo. Aliwaona wanangu wakikwangua weusi kwa meno ya mbele na kuutemea kwenye maua. Mimi nilimwona akiwaona, na sikujua nifanye nini na uso wangu.

Sikukuu zilipopita nilimpeleka zahanati. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Muuguzi, binti mpole, alikisafisha kwa ukali ambao ulinifanya mimi nigeuze kichwa, na mama akawa anamsimulia habari za asali. Akamaliza, akafunga. Akasema anataka kujua ganzi imefika wapi. "Bibi, funga macho. Nitakugusa na pamba, ukisikia, sema."

Mama akafumba macho. Akanyoosha mkono na kuukaza, kama mtoto anayetaka mwalimu amwone.

Pamba ikapita kwenye kidole gumba. Kimya. Ikapita kwenye cha shahada. Kimya. Nilimwona mama akikunja kipaji, anatafuta. Nadhani hapo ndipo alipoelewa anaulizwa nini.

"Nasikia," akasema.

Muuguzi alikuwa bado hajagusa cha tatu. Akanitazama. Mimi ningeweza kusema, mama, fumbua macho, na sikuweza.

"Hapo nasikia," mama akasema tena, kwa nguvu zaidi. "Na hapo. Hapo nasikia vizuri kabisa."

Muuguzi alishaiweka pamba chini, amegeuka kuandika. Mama aliendelea kunyoosha mkono, macho kayafumba, anamwitikia.