A ya Mwisho Ukutani

Kwanza umjue Mama Herufi, maana bila yeye hakuna stori. Ni yule mama wa rangi. Yaani ukiona kibao mtaani kimeandikwa vizuri, "Tunachaji Simu", "Saluni ya Kike", "Usitupe Taka Hapa", ujue kapita yeye. Mwembamba, kilemba chake kina madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa kwenye kopo, na ana ugonjwa mmoja mtamu: anaona herufi kila mahali. Paka akijikunja kibarazani, kwake ni C. Njia ya sokoni inapogawanyika ni Y. Unaweza ukawa unamweleza shida zako zote, yeye kakutulizia macho sikioni, anawaza D. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake inachelewa, inakuja taratibu kama imetoka kulala.

Herufi ya kwanza kuijua ilikuwa A, na hapo ndipo utamu ulipo. Alikuwa msichana tu, ameolewa juzijuzi na fundi wa mabango, kazi yake kumshikia mume ngazi. Ngazi ile ya miguu miwili, ya kukunja. Siku moja mume akamwambia kutoka juu, brashi mdomoni, "Unajua hicho ulichoshika ni nini?"

"Ngazi."

"Rudi nyuma uitazame kwa ubavu."

Akarudi nyuma. Miguu miwili imekutana juu, kamba imekatiza katikati.

"Hiyo ndiyo A," mume akasema. Halafu akaanza kupiga kelele kwamba sasa nani kashika ngazi.

Basi hao wawili, mume alikuwa mtu wa msikitini, mke mtu wa kanisani, na hakuna aliyemvuta mwenzake. Ijumaa huyu anatoka, Jumapili yule anatoka, chakula wanakula pamoja. Wakimaliza kuomba mezani, mume anasema "Amin," mke anasema "Amina." Wakasema hivyo miaka mpaka yakawa neno moja la watu wawili: mume analifikisha kwenye N, mke anamalizia. "Nakuachia mkia," mume alikuwa anamtania.

Sasa twende shuleni. Ile shule ya serikali, ya ukuta mrefu unaotazama uwanja wa paredi. Miaka ishirini na mbili iliyopita mwalimu mkuu wa wakati huo alimwita fundi, akamwambia andika hapa sala ya shule, herufi kubwa, bluu, halafu malizia kama kawaida. Hakusema kawaida ya nani. Fundi akaandika MWENYEZI MUNGU TUPE AKILI NA UTULIVU, akaweka nukta, akamalizia kama kawaida yake: AMIN. Akashuka, akaenda bombani kunywa maji.

Mke kabaki chini na kopo. Akatazama juu. Akaona neno halijaisha. Masikini, akadhani joto limemchanganya mume wake, kasahau herufi. Na kwa bahati herufi yenyewe ndiyo anayoijua kuliko zote. Akapanda akaiandika: A, kubwa kuliko wenzake, imeegemea kulia kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mume kurudi, akaiona, akakaa chini juu ya kopo tupu, akacheka mpaka machozi.

"Si ulisahau," mke akasema.

"Sikusahau, mama. Linaishia pale."

"Nifute?"

"Thubutu. Iache. Ndiyo nyumba yetu hiyo."

Ikabaki. Na watoto wa shule wakazaliwa na kukua nayo. Asubuhi paredi nzima inasoma ukuta kwa sauti, wakifika mwisho nusu wanasimama kwenye N, nusu wanaendelea, kwa hiyo sala ya shule ile ilikuwa inaisha kwa mlio mrefu wenye mkia. Tena darasa la pili, linalopanga mstari chini kabisa ya ukuta, kuna binti jina lake ni hilo hilo neno. Kila siku wakimaliza, yeye anaitika, "Abee." Kila siku. Hajazoea mpaka leo.

Fundi akafariki. Vibao vyake mtaani vikafutika kimoja kimoja, duka likibadilisha mwenye nalo, mvua ikipiga. Ukabaki ukuta wa shule peke yake. Mama Herufi alikuwa akipita pale na ngazi begani anapunguza mwendo. Alikuwa anajua kila mwandiko wa brashi ile: kwenye M mume kabonyeza sana, kwenye G mkono ulichoka. Mezani sasa anasema "Amin" mwenyewe, anangoja kidogo, halafu anaongeza "a" kwa sauti ndogo. Mjukuu wake anayeishi naye, yule wa darasa la tatu wanayemwita Kidoti, ameshazoea. Anamngoja bibi yake amalize pande zote mbili, ndiyo anashika kijiko.

Huyo Kidoti alikuwa na kikohozi. Kikohozi cha ajabu, shuleni tu. Mwalimu wa darasa aliwahi kuleta taarifa: asubuhi paredini mtoto anakohoa. Bibi akampa asali na maji ya moto muhula mzima.

Vita vyenyewe vilianza na simu. Ukuta umechakaa, mwalimu mkuu mpya, mama mmoja mkarimu ila wa mambo haraka haraka, akapiga picha sala ile akaitupa kwenye grupu la wazazi: "Mama Herufi ataanza kuipaka upya Jumatatu. Karibuni kwa maoni." Karibuni kwa maoni, jamani. Kwenye grupu. Kufika saa nne ujumbe mia mbili. Fundi saa wa stendi akaandika kwa adabu kwamba kwa kuwa inaandikwa upya, basi ile A ya mwisho ipumzike. Mshonaji, ambaye meza yake na ya fundi saa zinapakana na wanakunywa chai chupa moja, akajibu kwamba A haiendi popote. Wakarushiana aya ndefu, na kila mmoja anamaliza na vile viganja viwili vilivyounganishwa, vilevile, vya kwenye simu.

Ikabidi kiitwe kikao. Wakakaa darasa la kwanza, kwenye vile viti vya watoto, watu wazima magoti yamefika masikioni. Mama Herufi alikaa dirishani, anatazama vumbi linavyoogelea kwenye mwanga, linaandika vitu na kuvifuta.

"Mtoto wangu ameanza hapa anaiona hiyo A," mshonaji alisema. "Imemkosea nani?"

"Jirani, wangu naye ameiona miaka yote, na mimi nimenyamaza miaka yote," fundi saa akasema. "Ni herufi moja tu."

"Kama ni moja tu, iache."

"Kama ni moja tu, itoe."

Mzazi mmoja wa nyuma akasema si iwekwe kwenye mabano. Wakamgeukia wote wawili, safari hii wako upande mmoja: dua unaiweka kwenye mabano? Yule mzazi akajikunja akawa mdogo kama kiti chake.

Ndipo nesi wa zahanati akanyanyua mkono. "Naomba niulize, msinikasirikie. Mimi mtoto wangu aseme ipi? Nyumbani kwetu hatusemi hiyo wala hiyo."

"Si anyamaze," mshonaji akasema, wala si kwa ubaya. "Kwani analazimishwa?"

"Ana miaka sita, kaka. Wenzake mia sita wanasema, ukuta unamtazama, yeye anyamaze peke yake. Wewe ungeweza?"

Mshonaji akaangalia magoti yake.

Mwalimu mkuu akasema alichokuwa nacho. Vipindi vya dini vipo palepale, kila watoto na mwalimu wao. Wa kusali atasali, wa kuswali ataswali, nyumbani ndiyo kabisa. Ila shule ni ya serikali, na ukuta wa paredi ni wa kila anayepanga mstari chini yake. Amefikiri, anaona maandishi yote yatoke.

"Kwa hiyo Mungu kafukuzwa shule," mshonaji akasema.

"Mzee wangu, hakuwahi kuandikishwa. Anaingia anapotaka."

Watu wakacheka, mshonaji mwenyewe akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Wakanyoosha mikono. Upande wa kufuta ukashinda, kwa mikono michache tu, na waliokuwa wanataka A na wasiotaka A wote wakatoka na sura ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Mama, utaweza kufuta?" mwalimu mkuu akamuuliza Mama Herufi mlangoni.

"Nitaweza," alisema. Halafu akasimama kwenye ule uwanja mtupu, jua la saa kumi, sala nzima mbele yake bluu imepauka, na ikawa kama maandishi yanapumua. Kama mtu yuko nyuma ya ukuta amebonyeza mkono wake kutokea ndani.

Sasa sikia hila yake. Sala ile iliandikwa kwa rangi ya mafuta. Ukipaka rangi ya maji juu ya mafuta bila kupiga msasa, inakaa vizuri tu, inapendeza, kila mtu anakushukuru. Mvua ikija inaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Msimu mmoja, miwili, M inachungulia, G inachungulia. Kila fundi anajua, mzazi hajui. Mama Herufi aliinunua rangi ya maji, akaiweka mlangoni kwake. Msasa hakununua. Alijiambia kwamba hadanganyi mtu. Anapaka, wao wamesema paka.

Jumapili mchana, anachanganya rangi uani, Kidoti kachuchumaa pembeni.

"Bibi, kwa hiyo kesho hatusomi ukuta tena?"

"Hamsomi."

"Basi asali iache."

"Asali imefanyaje?"

Kidoti akachora kitu mchangani kwa kidole. "Mimi siumwi kifua."

Bibi akaacha kukoroga.

"Tukifika pale mwisho," Kidoti akasema, "nikiishia kwenye N, wa huku wananisukuma. Nikimalizia, wa kule wananiambia babu yako atakasirika. Wewe wa wapi, wewe wa wapi. Ndiyo nikawa nakohoa. Ukikohoa hakuna anayekuuliza."

"Muhula mzima?"

"Kuanzia darasa la pili. Asali nilikuwa nakunywa kwa sababu ni tamu."

Mama Herufi alimtazama mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuona herufi yoyote, aliona mtoto tu, na mdomo wake. Lile neno ambalo mezani lilikuwa la kuachiana, mtu na mkewe wanacheka, kule ukutani lilikuwa refu kuliko mtoto. Na yeye alikuwa anapanga kulizika juu juu ili lifufuke.

Akanawa mikono, akaenda duka la vifaa. "Nipe msasa," alisema. "Ule mkali."

Jumatatu watoto wakiwa madarasani alianza kwenye M. Ukipiga msasa kwa kiganja unasikia kila kitu: pale alipobonyeza, pale alipoinua, unywele mmoja wa brashi uliokwama kwenye rangi miaka ishirini na mbili. Vumbi la bluu likawa linashuka polepole, hewani kwanza, halafu kwenye mikono yake, kwenye kope. Hakuharakisha. Madarasani watoto walikuwa wanaimba hesabu, mbili mara nne, mbili mara tano, na yeye anakwenda nao herufi kwa herufi, kama anamsindikiza mtu njia ndefu ambayo wote wawili wanaijua. Alipofika kwenye N, akapumzika pale ambapo mume alipumzika. Akaenda bombani akanywa maji. Akarudi akaiondoa A, yake mwenyewe, na ndiyo iliyokuwa ngumu kutoka, maana siku ile hakujua kupunguza rangi.

Fundi saa na mshonaji walikuja kuchungulia getini, chupa ya chai mkononi.

"Hata kivuli hajaacha," fundi saa akasema.

"Kazi nzuri," mshonaji akasema kwa kuumia. Wakammiminia kikombe.

Mwalimu mkuu akauliza ukuta ubaki mweupe au vipi. Mama Herufi akamwambia darasa la kwanza hawana pa kusomea herufi. Kwa siku mbili akazipanga zote, bluu ileile, kuanzia upande wa mlango. Kidoti kutoka darasani akasimama, mkoba mgongoni.

"Bibi, A yako imehama. Imekuja mbele."

"Nimeiona."

"Na imepinda."

"Hivyo hivyo ndivyo inavyoandikwa," bibi akasema.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa juu ya ngazi anamalizia Z, paredi inapanga mistari chini yake. Mwalimu mkuu akasema kila mtu atulie dakika moja, awaze anachotaka, kwa namna ya kwao. Watoto mia sita wakanyamaza. Ulisikia bendera tu, na mtu anapiga chafya huko jikoni. Mama Herufi akatafuta mstari wa darasa la tatu. Kidoti kafumba macho, kifua kimetulia, hakuna kikohozi.

Akaweka brashi kwenye kopo. Midomo ikatembea yenyewe, kwa sauti ya mezani, ndogo kabisa. "Amin," alisema. Akangoja. Akaongeza, "a."

"Abee," akaitika binti wa darasa la pili, hapo chini ya ngazi, kichwa kakiinua.

Mstari mzima ukashika midomo kuzuia kicheko. Mama Herufi akainama mpaka kilemba kikataka kuanguka.

"Sikukuita wewe, mama," akamnong'oneza. "Nilikuwa naita mtu mwingine."