Redio Ndani ya Mzinga wa Lugembe

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mtu wa kutembea tu. Nilitoka Tabora kwa miguu, nikafuata njia ya zamani ya misafara iendayo ziwani, na palipofuka moshi wa jikoni ndipo nilipolala. Hivyo ndivyo nilivyofika Lusu, kwa Lugembe, mrina asali.

Lugembe alipenda redio kama wengine wapendavyo ng'ombe, na hakufundishwa na mtu. Kurban, mwenye duka mjini, alimpa redio ambayo spika yake ilitafunwa na panya. Lugembe akapata spika nyingine kwenye gari bovu, akaitia ndani ya mzinga wa gome, akaziba kingo kwa nta. Waya ukatoka mzingani na plagi mwishoni, ya kuchomekwa kwenye tundu lililo ubavuni mwa redio.

Jumamosi ile alasiri binti wa Lugembe, Kashindye, alikuwa atoe salamu redioni pamoja na wenzake wa chuo huko Dar es Salaam. Mama yake, Siwema, hakuwa ameisikia sauti yake tangu masika ya mwaka juzi. Alivaa kanga mpya, akakaa mbele ya mzinga kama aliyealikwa harusini.

Redio ikawashwa. Mzinga kimya.

"Baba Kashindye," alisema Siwema, "nyuki wako leo wamesusa?"

"Ngoja, mama. Nawatafuta."

Akagusa nyaya za betri kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, umeme upo. Akaufungua waya wa spika kwenye plagi, akaugusisha kwenye betri. Mzinga ukakwaruza: kwaru! Basi spika nzima, waya mzima. Akaufunga tena, akachomeka plagi. Kimya.

"Shindilia!" akapiga kelele jirani yake, Masolwa.

"Hili si gunia la pamba, Masolwa."

Ikabaki plagi na tundu lake. Lugembe akaichomoa, akaitazama, akainusa. Akaanza kucheka taratibu.

"Nta," alisema.

Asubuhi, mikono ikiwa kwenye mazoea yake, alikuwa ameipaka plagi yote nta ndipo akaichomeka, vumbi na mchwa wasiingie, kama azibavyo mizinga yake yote porini. Na umeme haupiti kwenye nta.

"Umemziba mwanangu mdomo!" alisema Siwema.

Lugembe alikwangua plagi kwa ukucha, akaifuta kwa mafuta ya taa, akasafisha tundu kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa. Harufu ya asali ikajaa uani. Akachomeka. Mzinga ukavuta pumzi, sauti ya kijana ikatoka ikiwasalimu watu wa Bukoba. Siwema akanishika mkono, mimi mgeni. "Je, wa kwetu kashapita?" akaniuliza.

"Mimi Kashindye Lugembe. Baba na mama huko Lusu, shikamooni."

"Marahaba!" akaitika Siwema, na Masolwa, na mimi ambaye sikumzaa.

Mara msichana mwingine akawa anawasalimu wa kwao Kilosa. Lakini Siwema alikuwa ameinamia mdomo wa mzinga, akiuliza kwa sauti ndogo kama anakula vizuri, kama joto la Pwani halimsumbui. Nyuki mmoja akaja, akazunguka, akaingia. Lugembe alikuwa na kidole kwenye kitufe cha kuzima redio, betri isiishe, lakini hakukibonyeza.