Sketi Iliyoninyima Pumzi

Kuna siku sijaisahau mpaka leo, mwanangu. Tangu uliponiambia kesho unakwenda mjini Tunduma kupimwa sketi yako ya kwanza ya kwaya, imenirudia yote na roho yangu haitulii.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, hapa hapa kijijini Mpemba, na kwaya yetu ilialikwa kuimba kule Isongole, kanisa jipya lilipofunguliwa. Mimi ndiye niliyepewa kuongoza wimbo. Mimi! Sikuwahi kupewa kitu kikubwa vile. Wasichana wote tukakubaliana kushona sketi za marinda, kitambaa cha drafti nyekundu na kijani. Nami marinda nilikuwa nayaona kwa wenzangu tu; nguo zangu zote zilikuwa zimeshavaliwa na dada zangu.

Fundi wetu alikuwa Mama Sikujua, mshiriki mwenzetu kanisani. Huyo hakumpima mtu wa kwaya akiwa amenyamaza. Alikuzungushia futi kiunoni, akakwambia, "Imba." Ukaimba ubeti mzima huku yeye akiangalia tumbo linavyojaa pumzi. Kisha ukapiga magoti, akapima kutoka kiunoni hadi sakafuni, ili ukisali sketi isikupande wala isiburute.

Mbele yangu alipimwa rafiki yangu Sekela. Alikuwa na kiuno chembamba, na wasichana wakamsifu weee! Wivu ukanishika, sitakuficha. Zamu yangu ilipofika nikakaza tumbo, nikaimba kwa sauti ya puani.

Mama Sikujua akanitazama. "Hivyo ndivyo utakavyoimba Isongole?"

"Ndiyo, mama."

Akaandika kwenye daftari lake.

Sketi ilipokuja nikaijaribu nyumbani. Jamani! Kifungo kilifunga kwa shida, na marinda ya nyuma, badala ya kulala, yakaachama. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Uji nilikuwa nakunywa nusu kikombe nikidhani nitapungua. Nikifunga macho naona kifungo kinaruka na sketi inanidondoka mbele ya wachungaji. Mara tatu nilikwenda mpaka kwenye cherehani yake nimwambie ukweli. Mara tatu nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Sketi inakukaa?" Nami nikajikausha. "Inanikaa vizuri, mama." Mjinga mimi.

Isongole kanisa lilijaa hadi madirishani. Ubeti wa kwanza nikaupita, jasho jembamba linanitoka. Wa pili ulikuwa na mahali pa kuvuta sauti ndefu. Nikavuta pumzi, ikagoma. Mdomo uko wazi, sauti hakuna, watu wote wananitazama. Sekela akaudaka wimbo, kwaya ikamfuata, nami nikatoka nje nikilia.

Mama Sikujua, aliyekuwa amesafiri nasi, akanifuata nyuma ya kanisa. Alitoa wembe na sindano kwenye mkoba wake, akafumua mkanda wa sketi. Ndani, mwanangu, nikaona kitambaa kimekunjwa, upana wa vidole vinne vizima.

"Nilikuachia hiki tangu siku ya kupima," akasema. "Nilikuona umekaza tumbo. Nikasema huyu atarudi mwenyewe. Ulikuja mara tatu, binti yangu, na mara zote tatu ukanidanganya."

Aliishikiza upya kwa mishono michache pale pale nimesimama. Nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Kanisani walikuwa wanamalizia ubeti wa mwisho, na tangu siku hiyo wimbo ule aliuongoza Sekela mpaka alipoolewa. Sikumlaumu. Ila kila ulipoanza, niliumia.

Basi kesho usikaze tumbo. Fundi akikupima, imba kwa sauti ile ile unayonisumbua nayo jikoni. Piga magoti, kaa, inama, uone marinda yanalalaje. Na ikibana, sema siku hiyo hiyo, hata kama juzi ulisema haibani. Wala si sketi peke yake. Hata huyo kijana anayekuja kukusalimia kila Jumapili, akikubana, njoo useme. Mimi nitakusikiliza, sitakucheka.

Mungu akupe pumzi ya kutosha na ulimi mwepesi wa kusema ukweli. Siku utakayoongoza wimbo, nitakuwa nimekaa benchi la mbele, na kwenye mkoba nitakuwa na wembe na sindano.