Mvua ya Kawaida

Katika somo langu la hidrolojia kuna neno moja ambalo huwa nalifundisha polepole: kawaida. Tunaposema mvua ya msimu fulani ilikuwa ya kawaida, tunamaanisha kwamba ukijumlisha maji yote yaliyoanguka, jumla inakaribia wastani wa miaka mingi. Basi. Neno lenyewe halikuambii kama mvua ilikuja kidogo kidogo au ilimwagika yote katika siku chache. Siku hizi, hali ya hewa ikiwa inabadilika, tofauti hiyo ndiyo yenye kuumiza.

Ili wanafunzi wangu hapa Goma walielewe, nilikuwa nawapa mfano wa mama mmoja mkulima wa Kibumba. Aliniuliza mvua ya msimu itakuwaje, nikamwambia itakuwa ya kawaida. Akapanda viazi. Mvua ikakawia, kisha ikaja yote kwa mfululizo, majani yakawa meusi na viazi vikaoza ardhini. Lakini ukipima jumla, msimu ulikuwa wa kawaida kabisa. Hapo wanafunzi hucheka, na mtu akicheka hasahau. Mfano ulikuwa mzuri.

Sikuwaambia kwamba mama huyo ni mdogo wake mama yangu mzazi, na kwamba nilisoma chuo chote nikila viazi vyake.

Viazi vilipooza alinipigia simu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mutoto wangu, si ulisema kawaida?" Nami nikamweleza kwa upole, kama ninavyoeleza darasani. Nikamwambia achukue ndoo mbili, moja aijaze kikombe kwa kikombe, nyingine aijaze kwa mara moja, aone kama maji hayalingani. Nilipenda jinsi nilivyoeleza. Akasema, "Aksanti, nimesikia." Msimu uliofuata sikuenda kumwona, wala huu wa sasa ulipoanza. Nilijiambia njia ya Rutshuru, inayopitia kwake, si nzuri, na kweli kuna wakati haikuwa nzuri. Lakini makabichi ya Kibumba yalikuwa yanateremka mjini kila asubuhi, na waliokuwa wanayaleta ni watu.

Mwaka huu nilitoa mfano ule tena. Waliocheka wakacheka. Kisha msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye kwao ni Butembo, akainua mkono.

"Prof, na ule mama, alipanda tena?"

"Anatafuta mbegu huyu," mwenzake akasema, wakacheka zaidi.

"Hapana, nauliza tu. Kama viazi vilioza vyote, mbegu alitoa wapi?"

Nimefundisha miaka mingi, na ninajua kusema sijui bila aibu. Siku hiyo nilisema, "Nitawajibu wiki ijayo," na sauti yangu haikunifurahisha.

Jumamosi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kibumba. Kando ya njia mashamba yalikuwa tayari ya kijani, matuta ya viazi yameshashika. Shamba la mama mdogo lilikuwa limelimwa vizuri, jeusi, tupu. Nilimkuta mlangoni akimenya karoti.

"Leo jua limetokea wapi?" akasema. "Prof mwenyewe."

"Mama, mbona shamba bado?"

Akanionyesha chumba cha ndani. Mbegu alizokuwa amezitafuta kwa majirani zilikuwa zimetandazwa chini, zimechipua hadi machipukizi yamekuwa marefu na meupe, yanaanza kulegea.

"Niliku nakungoya weye," akasema. "Ile mara nilisikia vibaya. Ulinieleza vizuri, miye ndo sikuelewa. Nikajiambia, safari hii atanieleza uso kwa uso, nisikosee tena."

Nilikaa juu ya kigoda. Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, nina majibu yangu, na huyu alikuwa ameshajilaumu mwenyewe kwa sababu nilieleza vizuri.

"Mama, hukusikia vibaya. Miye nilisema vibaya."

"Weye? Na masomo yote ile?"

"Na masomo yote ile."

Akanitazama kama mtu anayepima kama anataniwa. "Basi sema. Mvua itakuwa je?"

"Sijui. Wenzangu nao hawajui vizuri."

"Eh. Ningejua, ningepanda na wenzangu."

Hakucheka. Nikatoka naye shambani, kwa kuwa huko kulikuwa na kitu ninachokijua. Matuta yake yalikuwa yamelala kinyume na mteremko, na upande wa chini kuna shimo ambapo maji hutuama. Nikamwonyesha pa kukata mfereji, maji ya ghafula yapate njia ya kutokea. Nikamwomba apande nusu upande wa juu leo, nusu nyingine baadaye.

Akautazama mteremko kwa muda.

"Hii ndo ungeniambia mwaka ule," akasema. "Miye niliuliza mvua. Weye ungenijibu shamba."

Kisha akanipa jembe, akavitazama viatu vyangu, akasema nivivue kama navipenda.

Wiki iliyofuata niliwajibu wanafunzi: hakupanda, alikuwa ananingoja mimi, na ni mama yangu mdogo. Hakuna aliyecheka. Msichana wa Butembo aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, ikabidi nimwambie swali lake lilikuwa zuri.

Viazi vya juu vimeota, ingawa vimechelewa. Vya chini bado hatujui. Jana mchana mvua ilishuka kwa nguvu, simu ikalia.

"Prof, hii nayo ni kawaida?"

Maelezo yalinijia mdomoni, yamepangika vizuri. Nikayaacha.

"Mama, maji yanapita kwenye mfereji?"

"Ngoya nitoke niangalie," akasema, nami nikabaki nimeshika simu, nikisikiliza mvua ya kwake.