Picha Ndefu ya Ukingo wa Ziwa

Siku yangu ya kwanza studio, mwenye studio, tuliyemwita Patroni, alinisimamisha mlangoni na kamera mkononi, akaniamuru niielekeze ziwani, kisha mlimani. Sindano ya kipimo cha mwanga ikaruka.

"Umeona? Ziwa iko na kiburi. Ukiachia kamera iamue yenyewe, itaona maji tu, mulima itakuwa giza."

Nilicheka. Akanirudisha mlangoni mpaka nikaacha kucheka.

Baadaye nilihamia ofisi ya upimaji wa ardhi, chini ya Mkuu wa kitengo, mtu wa haraka kupita kiasi. Kazi yangu ilikuwa picha ndefu: unapiga vipande vinavyopandana kidogo, kompyuta inaviunga. Ninyi vijana mnadhani kompyuta ndiyo fundi. Vipande vikitofautiana mwanga, inakoroga giza na weupe pale vinapokutana, na kitu kinaweza kupotea hapo.

Ziwa lilipopanda, tuliagizwa kupiga ukingo wote kutoka kilimani. Nyumba zilizofikiwa na maji zingevunjwa. Mdogo wangu Kabwe, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu anatambaa, alikuwa na nyumba huko chini. Niliogopa, nasema wazi.

Mkuu alitaka kamera ijipimie mwanga yenyewe, tusichelewe. Wingu likapita katikati ya kazi. Ofisini, safu ya nyumba za kina Kabwe ikatoka nyeusi kama matope. Mkuu akashika kalamu nyekundu ya kuzungushia nyumba za kuvunjwa.

"Ile ni kivuli, Shefu," nikasema.

"Basi angaza hicho kipande, kifanane na vingine."

"Nikiangaza, watasema ninatetea ndugu yangu. Turudie yote, na kipimo kimoja mwanzo mpaka mwisho."

Alitazama dirishani. Mashine ya kubomoa ilikuwa imekwisha kufika. "Enda, Mama. Jua ikizama, ninatumia hii."

Pikipiki ilinipandisha kilimani. Nikapima mwanga kwenye mabati, maana ndiyo yaliyong'aa zaidi, nikafunga kasi ya kamera na tundu la lensi ili mwanga usibadilike, sikuvigusa tena. Kila kipande nilikipiga huku nikichungulia mawingu.

Safari hii vipande viliungana bila mshono kuonekana. Mbele ya nyumba ya Kabwe udongo ulikuwa mkavu kabisa. Nikashusha pumzi. Halafu nikaikuza picha. Nyuma ya jiko lake, pale kivuli kilipokuwa kimefunika, maji yalimetameta. Nilimpelekea Mkuu picha hiyo, naye akachora mstari wake mwekundu kuizunguka nyumba ya Kabwe.

Sasa nimestaafu. Vijana wakija kuniuliza, nawaambia wafunge mwanga kabla ya kipande cha kwanza. Nawaambia pia kwamba siku ile niliomba kwa moyo wote picha initetee, nayo haikunijali.

Jioni ile nilikimbia kwa Kabwe kabla ya mashine kuifikia nyumba yake.

"Yaya, ni wewe njo ulipiga ile picha?"

"Njo mimi," nikakiri.

Alitazama jiko lake, akaingia ndani, akaniita.

"Basi, shika kitanda upande ule."