Chungu cha Wakwe wa Kitale

Siku hizi simu ya wakwe ikilia, mimi naingia shambani kupalilia mahindi niliyokwisha kupalilia.

Kamau, anayetaka kumwoa binti yangu Nekesa, alinialika kwao Kitale nionje divai nyekundu ya Italia, ya zabibu zinazoitwa Sangiovese. Mimi mzee wa Bungoma ninayejua busaa tu, pombe yetu ya kunywa chunguni kwa mirija, nikavaa koti langu la harusi nikaenda.

"Usiharakishe, Baba. Nusa kwanza," Kamau akaniambia.

Nikafumba macho. Ndani ya ile glasi mlikuwa na mvua ya kwanza juu ya udongo mwekundu, na tumbaku ikikauka kule kwetu Malakisi, na marehemu mama akiniita kwa sauti ya chini nije kula. Nikakaa huko muda mrefu, naelea tu.

Nilipofumbua macho, wakwe wote walikuwa wameinamia chungu katikati ya meza, wanainuka wakipangusa midomo. Moyo ukalainika. Kumbe hata hawa wana chungu cha pamoja, kama sisi na busaa yetu! Mirija tu ndiyo sikuiona. Na nani anakataa chungu cha wakwe? Nikakiinua kwa mikono miwili, nikapiga mafunda matatu ya heshima.

"Hii sasa ndiyo yenyewe," nikatangaza. "Inashinda ile ya glasi!"

Mama Kamau akajifunika uso kwa leso.

"Baba," Kamau akasema polepole, "tukishaonja, humo chunguni ndimo tunamotema."